Fungua Keti

Kabla sijasimulia yaliyompata baba, niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa kupiga. Sijivunii, nasema tu ili msomaji ajue anasoma habari za nani. Niliwahi kumpiga fahali ngumi ya pua, na aliyerudi nyuma ni yeye. Niliwahi kurusha redio nje ya dirisha kwa sababu betri ziliisha katikati ya matangazo ya vifo, nami nilikuwa nasubiri jina la shangazi yangu. Mume wangu wa zamani anaweza kutoa ushahidi wake mwenyewe. Mkono huu nilirithi kwa baba. Alikuwa nyapara katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho, enzi za nyapara kutembea na fimbo, na mchumaji aliyeacha majani mazuri kichakani aliijua fimbo hiyo kwenye muundi wa mguu. Sisi watoto wake tuliijua pia.

Lakini zaidi ya fimbo, baba alikuwa na sauti. Alisimama juu ya kilima, akasema "Keuseni!" mara moja tu, na watu mia moja wakageuza mistari yao kule chini bila mtu kuuliza amesema nini. Walitoka Kisii, walitoka Bomet, wengine hata Kiswahili hawakukijua vizuri. Wote walimwelewa. Alipostaafu akaja kuishi kwenye ekari zetu mbili juu ya Kedowa, na hadi leo hii ukimtaja mbele ya wachumaji wa zamani, kitu cha kwanza wanachokumbuka ni ile sauti.

Mimi nilirudi nyumbani baada ya mama kufa na ndoa kunishinda, vyote katika mwaka mmoja. Tulikuwa tunaishi vizuri, mimi na baba, kwa namna ya watu wawili wakali wanaoogopana kidogo. Kisha wezi wakaja wakachukua mtamba wetu, tena mwenye mimba. Walikata mnyororo wa geti kama unavyokata uzi. Asubuhi baba alisimama akautazama ule mnyororo, akaenda kukamua ng'ombe waliobaki. Mimi ndiye niliyechemka. Niliapa kwamba mtu mwingine akishika geti hilo, dunia nzima itajua.

Hivyo ndivyo nilivyonunua lile geti la kuongea nalo. Fundi aliletwa na pikipiki kutoka mjini, suruali imembana hadi nikajiuliza atapandaje ngazi. Akafunga kamera, akafunga kisanduku cheusi chenye taa ya buluu, akafunga king'ora chini ya paa la geti, na juu yake sahani ya sola.

"Mathe, hii ni smati," akaniambia. "Mzee hata haitaji funguo. Anaongea tu, geti inajifungua. Ikiona mtu haimjui, inakutumia picha kwa simu. Mtu akibahatisha mara tatu akose, inapiga kelele mpaka Londiani."

Akaniuliza lugha. Nilishusha orodha ile kwa kidole, nikapita lugha za watu ambao sijui wanaishi wapi. Kipsigis haikuwemo. Kiingereza baba hana. Nikachagua Kiswahili, tukaandika maneno ya kufungulia: Fungua geti. Nikayasema mimi. Sauti ya msichana ikajibu "Karibu nyumbani," na geti likasogea lenyewe. Nilifurahi kama mtoto.

Baba akaitwa. Akavua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya meneja yeyote, akakisogelea kile kisanduku.

"Fungua keti."

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."

Sasa, kwetu g na k ni ndugu wanaolala blanketi moja, huwezi kumwamsha mmoja usimwamshe mwingine. Baba amesema "keti" maisha yake yote, na hakuna mtu aliyewahi kudhani anamwambia akae chini. Lakini yule msichana wa kwenye kisanduku alikuwa amefundishwa Kiswahili cha vitabu. Baba akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. "Samahani, sijaelewa." Akarudia mara ya tatu kwa ile sauti ya kilimani, na king'ora kikalipuka juu ya kichwa chake. Baba alichuchumaa akafunika kichwa kwa mikono. Ng'ombe walikata kamba.

Nilicheka. Fundi alicheka, nami nikacheka naye, nikashika mbavu. Kicheko hicho nimekijutia kuliko makofi yote niliyowahi kutoa.

Siku iliyofuata nilipita kwa majirani nyumba kwa nyumba. Huku kwetu, nduru ikipigwa hakuna anayeuliza. Unaacha chakula, unaacha mtoto kwenye beseni, unachukua rungu na kukimbilia sauti iliko, na utakayemkuta hapo unampiga kwanza. Maswali huja baadaye, kama bado kuna wa kuyajibu. Niliwaambia majirani: hiki king'ora ni nduru yangu, mkikisikia mje. Wakakubali wote. Kwa mwenye duka pale njia panda sikupita. Yeye watu wake walitoka Murang'a, na nduru ikilia yeye hufunga duka na kujifungia ndani na mke wake. Ana sababu zake, za tangu ile miaka ya uchaguzi, tunazijua sote, na hakuna anayezitaja.

Juu ya baba na lile geti, nilipiga simu kwa watu wa huduma. Muziki ulipigwa hadi chai ikakauka kwenye sufuria. Simu yako ni muhimu kwetu, simu yako ni muhimu kwetu. Mwishowe akaja msichana mwenye adabu kama ya kununuliwa.

"Mzee ajaribu kutamka vizuri, madam."

"Anatamka vizuri. Ni mashine yenu haina masikio."

"Ninaelewa unavyojisikia. Je, umejaribu kuizima na kuiwasha?"

Nilimweleza kwa utaratibu nitakachomfanya siku nitakapojua ofisi yao iko mtaa gani. Nilianza na nywele nikashuka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kuna jambo lingine anaweza kunisaidia. Nilitupa simu kwenye gunia la viazi. Ilipolia tena ilikuwa ni ujumbe ukiniomba nitoe alama kwa huduma niliyopata, moja hadi tano.

Lakini kabla sijamtukana alikuwa amenipa dawa: mafunzo ya sauti. Mzee arudie maneno mara thelathini, mashine itamzoea. Basi jioni baada ya kukamua nilimkalisha baba kwenye kigoda mbele ya geti lake mwenyewe. Nikasimama pembeni na fito.

"Sema geti."

"Keti."

"Ge. Ge. Kama gari."

"Kari. Nimesema kari."

Kila alipokosea nilipiga geti kwa ile fito, paa! Sikumgusa yeye. Nilipiga chuma karibu na sikio lake. Siku tatu tulifanya hivyo. Siku ya tatu niliona mikono yake inaruka kabla fito haijatua, nikajua ninachokifanya, kwa sababu mikono yangu iliwahi kuruka vilevile. Sikuacha. Aliyeacha ni yeye. Aliinuka, akabeba kigoda.

"Mama," akaniambia, maana tangu mama afe huniita hivyo, "mimi nilikuwa naongea watu mia moja inasikia. Hii sanduku moja inagataa. Wacha tu. Nitagua nabita kwa ua ya nyuma."

Akakata tundu kwenye ua wa miseda nyuma ya zizi, na wiki mbili nzima mwenye boma alikuwa akiingia kwake kwa magoti, kama mbwa. Nami nikakasirika. Geti lina kamera, lina king'ora, halafu nyuma kuna tundu la mwizi kupitisha fahali! Nilinunua seng'enge, nikaliziba. Sikumwambia. Alirudi kutoka kwa jirani akapitisha mkono gizagiza ile ya magharibi, ikamchana kiganja. Alikuja jikoni akiwa ameushika mkono, akaosha damu kwenye karai, akaniomba kitambaa. Hakuuliza ni nani aliyeziba. Tangu siku hiyo, kila alipotoka, alinisubiri njiani nitoke chai nimfungulie.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Baba alikuwa na magego mawili yaliyooza na nilimsukuma hadi akakubali kwenda kuyang'oa. Aliondoka asubuhi kwenda zahanati, na kofia yake na koti lake la kahawia. Mimi nikachuma hadi saa saba, kisha nikabeba kikapu hadi kituo cha kupimia chai, ambacho kiko juu tu ya boma letu, umbali wa mtu kuitana na mtu. Mbingu ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi upande wa msitu. Huku mvua ya alasiri haina haja ya kutabiriwa. Ilipofika ilikuwa ya mawe, yale makubwa ya kupasua majani, na sote tukajibanza chini ya mabati tukilia na chai yetu iliyokuwa inasagwa huko shambani.

Hapo ndipo king'ora kilipolia.

Simu ikatikisika mfukoni. Maandishi yakasema: Mtu asiyejulikana yuko getini. Nikabonyeza nione. Picha ikafunguka nusu, imejaa maji: mtu mrefu, koti refu jeusi, kofia ya koti imefunika uso, jiwe mkononi. Nikabonyeza tena nipate kumwona vizuri. Simu ikasema inasasisha, tafadhali subiri.

Sikusubiri. Niliunyakua mti wa kutundikia mizani, ule ambao watu wawili huubeba begani, nikateremka kilima na mvua ya mawe ikinipiga usoni. Nilikuwa nawaza mtamba wangu. Nilikuwa nimewangoja watu hao kwa miezi, na niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Nyuma yangu walikuja majirani, watano au sita, mmoja na panga. Huyo mtu alikuwa ametupa kisogo, analigonga geti kwa jiwe na kunguruma kitu kisichoeleweka.

Nilimpiga mimi. Wa kwanza nilikuwa mimi. Niliuinua ule mti kwa mikono miwili nikamshushia begani, akapiga goti. Akageuka akainua mkono mbele ya uso, nami nikaupiga huo mkono, na nikausikia ukivunjika kama kuni kavu. Kisha wengine wakafika. Gumboti, rungu, mawe ya barabarani. Mmoja alimrukia kifuani kwa miguu yote miwili. Alikuwa anasema kitu, kinywa kimejaa pamba na damu, na kila aliposema mtu alimpiga mdomoni anyamaze. Hakuna aliyemvua ile kofia. Ukishaanza kumpiga mtu hutaki kumwona uso.

Mwenye panga alisema tupishe. Tukampisha. Hata mimi nilirudi nyuma hatua moja kumpa nafasi ya kuinua mkono, na hatua hiyo naijua ilikuwa ya mguu gani.

Aliyekuja mbio kutoka njia panda, mwavuli umepinduka mkononi, alikuwa mwenye duka.

"Nyinyi! Nyinyi! Muko wazimu?" Alijitupa katikati yetu, akaanguka juu ya yule mtu, akakumbatia miguu yake. "Hizi gumboti ni mimi nilimuuzia! Hii kiraka nyekundu ya chupu ya baiskeli ni mimi nilibandika! Huyu ni mzee! Ngai, huyu ni mzee wenyu!"

Panga likabaki juu. Mwenye nalo alikuwa kijana wa mchumaji ambaye baba aliwahi kumpa kazi. Akaliteremsha polepole akaliweka kwenye matope, akatapika.

Nilimvua baba ile kofia mimi mwenyewe. Sitaeleza nilichokiona. Koti, tulikuja kujua baadaye, aliazimwa na mlinzi wa zahanati, kwa sababu mvua ilionekana inakuja na mzee hakuwa na la mvua. Pamba iliwekwa kwenye mashimo ya magego. Alikuta sijarudi, mawe yanamwangukia, tundu limezibwa seng'enge, akafanya kitu pekee kilichobaki. Alijaribu kuongea na geti.

King'ora kilikuwa bado kinalia. Mwenye duka akasema tumwingize ndani apate kukauka kabla gari halijapatikana. Nikakiendea kile kisanduku.

"Fungua geti," nikasema.

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."

Nilikuwa nalia, meno yanagongana. Nikarudia. "Samahani, sijaelewa." Nikaurudia ule mti wa mizani, nikakipiga kisanduku hadi plastiki ikaruka, hadi ile taa ya buluu ikaning'inia kwa waya mmoja, nikapiga kamera, nikapiga sahani ya sola, nikapiga chuma chenyewe hadi viganja vikachubuka, na geti halikufunguka. Mashine ukiiua, inakufa imefunga. Mwishowe majirani walewale, mikono yao ikiwa na damu ya baba, waliling'oa kwenye bawaba wakalilaza chini, wakamlaza baba juu yake, wakambeba hivyo. Hatukupita ndani. Tulikwenda nalo moja kwa moja hadi barabarani.

Ndani ya gari nilimuuliza mwenye duka ilikuwaje akatoka, yeye ambaye hatoki. Alikuwa ameshika kichwa cha baba kwenye mapaja yake.

"Sikujua ni nduru," akanijibu. "Hakuna mtu aliniambia. Mimi nilidhani ni ambulensi, nikasema nani amegonjeka huko kwa mzee." Akakiweka sawa kichwa cha baba, akasema, "Ningejua ni nduru singetoka, mama. Wallahi singetoka."

Hospitalini waliufunga mkono wa baba plasta, wakamshona mdomo, wakasema mbavu tatu zitajiunga zenyewe. Kwa umri wake, daktari alisema, ni bahati. Siku mbili sikuingia wodini. Nilikaa nje kwenye saruji, na mtu akinipita na chai nakataa. Hasira hasara, watu husema hivyo kama utani, kwa mtu aliyevunja kikombe.

Siku ya tatu nesi aliniita, akasema mzee ameamka vizuri na yeye ana fomu ya kujaza. Nikasimama mlangoni. Kitanda chake kilikuwa cha mwisho, karibu na dirisha, na kando yake kiti kimoja cha mbao. Nesi akamwinamia.

"Mzee, nani alikupiga? Ulimwona?"

Baba alizungusha macho taratibu hadi yakanifikia pale mlangoni. Jicho moja halikufunguka. Nilijua ameniona siku ile. Alikuwa ameinua mkono mbele ya uso wake, na mtu akiinua mkono hivyo huwa ameona anachokikinga. Nilisubiri aseme. Nilitaka aseme.

"Sigumwona," akasema, kila neno likipita kwenye nyuzi. "Ilikuwa mvua."

Nesi akaandika. Akatoka, akanipita begani. Tukabaki mimi na yeye na urefu wa wodi. Baba akahema, akakusanya kile kilichobaki cha ile sauti, akasema neno moja.

"Keti."

Hadi leo sijui alisema lipi. Pengine alikuwa anauliza juu ya geti, limefunguliwa au bado. Pengine alikuwa ananiambia nikae. Kiti kilikuwa pale, kitupu. Nikaenda nikaketi.